Silaha Mkononi, Hatari Porini: Historia ya Kukutana na Wanyama Wakali katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara

Utangulizi

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa wakazi wa vijiji vya mpakani, kukutana na nyati, simba au tembo ni jambo linaloweza kutokea alfajiri mtu anapopeleka ng'ombe mtoni, au usiku anapolinda mahindi yake. Katika mazingira hayo, anayetoka mikono mitupu huonekana mzembe, na mwenye mkuki, upinde au bunduki huonekana amejikinga. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa jicho la historia. Hoja yake ni kwamba, tangu mwishoni mwa karne ya 19, silaha katika eneo hili imeihamisha hatari mara nyingi zaidi kuliko ilivyoiondoa. Kila sheria ilipobadili nani abebe silaha gani, namna ya watu kuumia porini nayo ilibadilika.

Swali hili limeulizwa pia mbali na Afrika. Huko Alaska, Marekani, ambako mnyama anayehofiwa ni dubu, Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa matukio 269 ya watu wenye bunduki kukabiliana na dubu kati ya mwaka 1883 na 2009. Waligundua kwamba kiwango cha kuumia hakikutofautiana kati ya waliotumia bunduki zao na wale waliokuwa nazo wasizitumie. Wengi hawakupata muda wa kulenga, wengine walikuta silaha imekwama, na wengine walifyatua wakakosa. Ni kweli kwamba kumbukumbu za namna hiyo huhifadhi zaidi visa vilivyoharibika. Aliyefyatua mara moja akarudi nyumbani salama huenda hakuandikwa popote. Hata hivyo, jambo moja linajitokeza wazi katika uchambuzi huo na linafaa kuletwa Mara: kinachoamua matokeo ni umbali na muda, na silaha huja baadaye.

Upinde, sumu na subira

Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa wilaya ya Serengeti wana historia ndefu ya uwindaji iliyofungamana na kilimo na ufugaji. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake *Imagining Serengeti* (2007), anaonesha jinsi masimulizi ya asili ya Wanata yanavyoanza na mwindaji wa kiume aliyetoka porini na mwanamke mkulima. Waikoma nao wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwao ni kitu kitakatifu cha jamii nzima. Jamii inayoweka pembe ya tembo katikati ya ibada zake haiwezi kudhaniwa kuwa ilimchukulia mnyama huyo kama nyama tu.

Silaha kuu ilikuwa upinde na mshale wenye sumu. Sumu hiyo hupikwa kutokana na mti unaojulikana kwa Kiswahili kama msunguti, hadi iwe uji mzito mweusi unaopakwa nyuma ya ncha ya mshale. Inapoingia kwenye damu hushambulia moyo. Haimwangushi mnyama mkubwa papo hapo: kati ya kuchomwa mshale na kuanguka hupita muda, na urefu wa muda huo hutegemea ubora wa sumu, mahali ulipoingia mshale na ukubwa wa mnyama. Nyati aliyechomwa anaweza kukimbia mbali, na anaweza pia kuingia kichakani akageuka kuusubiri upande aliotokea adui yake.

Kwa sababu hiyo, silaha hii ilimlazimisha mwindaji kuwa na subira. Alipaswa kujua upepo unakovuma, kuacha mshale kisha kutulia, na kufuata nyayo na damu baadaye akiwa na wenzake. Aliyekimbilia windo lake mapema alikwenda kukutana na mnyama aliyejeruhiwa lakini bado ana nguvu, na hakuna mkutano wa hatari kuliko huo. Maarifa ya uwindaji katika jamii hizi yalikuwa, kwa sehemu kubwa, maarifa ya kusubiri. Kazi hiyo ilihitaji mchana, ilihitaji watu zaidi ya mmoja, na ilihitaji uhuru wa kukaa porini bila kuogopa kuonekana. Masharti hayo matatu ndiyo yaliyokuja kuondolewa na sheria, kama itakavyoonekana.

Kulikuwa na sharti la nne, nalo ni uwazi wa ardhi. Kabla ya miaka ya 1890, moto uliowashwa na watu pamoja na malisho ya mifugo viliweka sehemu kubwa ya nyika ikiwa wazi. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, iliua ng'ombe na nyati kwa wingi. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu safari yake katika nyika hizo, alipita mwaka 1892 na kuwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa. Watu walihama, mifugo ikatoweka, vichaka vikaota, na mbung'o wakafuata vichaka. Kwa mwindaji na hata kwa mpita njia, maana yake ilikuwa kwamba mnyama aliyekuwa akionekana kutoka mbali sasa alionekana akiwa hatua chache. Mabadiliko hayo ya mimea hayatajwi sana katika historia ya silaha, ingawa huenda yaliongeza hatari kuliko badiliko lolote la silaha lililofuata katika kizazi hicho.

Bunduki za wageni

Wajerumani walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, mwaka 1896, Hermann von Wissmann akiwa gavana alikuwa ametoa amri ya uwindaji iliyodai leseni. Bunduki na leseni viliingia vikiwa ndugu pacha: kuanzia hapo, swali la nani ana haki ya kumkabili mnyama akiwa na silaha lilijibiwa ofisini.

Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White aliingia kwa miguu katika nyika za kaskazini mwa Serengeti akitokea Nairobi, na baadaye akaandika kitabu kuhusu nchi aliyoiona. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wawindaji matajiri walifuata, na shabaha yao kubwa ilikuwa simba wa Seronera. Kufikia miaka ya 1920 walikuja na magari. Simba hamwogopi gari kama anavyomwogopa mtu aendaye kwa miguu, hivyo mpigaji aliweza kusogea karibu na kufyatua akiwa ameketi. Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji wa kulipwa, alichukizwa na mauaji hayo kiasi cha kuyalalamikia katika gazeti la *The Times* la London mwishoni mwa muongo huo. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetenga mwaka 1921 eneo dogo la ekari 800 lenye ulinzi wa sehemu. Mwaka 1929 ulinzi kamili ukawekwa.

Maandiko ya wakati ule hujadili idadi ya simba waliouawa. Hayajishughulishi sana na simba waliojeruhiwa wakaachwa. Mpigaji wa ndani ya gari aliweza kuondoka jioni, akala chakula chake kambini, na kesho yake akawa njiani kurudi Nairobi. Simba mwenye risasi begani, asiyeweza tena kukamata nyumbu, alibaki katika nchi ya wafugaji. Haihitaji ushahidi mwingi kuelewa ni mifugo ya nani, na wakati mwingine ni miili ya nani, iliyogharimia mchezo huo.

Isifikiriwe kwamba bunduki nzuri ilimkinga kila mwenye nayo. George Grey, ndugu wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza Sir Edward Grey, alifariki Nairobi mwaka 1911 baada ya kuraruliwa na simba aliyemkaribia mno akiwa juu ya farasi. Risasi zake hazikumzuia simba huyo. Ndugu mwingine wa familia hiyohiyo, Charles, aliuawa na nyati barani Afrika mwaka 1928. Familia moja, mmoja wa watu wake akiwa katika kilele cha serikali ya dola kubwa kuliko zote duniani, ilipoteza wana wawili waliokuwa wamejihami kwa silaha bora za wakati wao. Mwindaji wa Ikoma angeeleza sababu bila kusoma ripoti yoyote: walisogea kabla ya wakati.

Sheria na tanzi

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa rasmi mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kilichopo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, kiliongezwa kwenye hifadhi. Hapo ndipo Wakuria wa Tarime walipogeuka kuwa majirani wa moja kwa moja wa mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kuwa mapori ya akiba, na ardhi ambayo Waikoma, Wanata na Wangoreme waliwinda kwa vizazi ikawa na mipaka mipya.

Kwa mtazamo wa uhifadhi, hatua hizo zina utetezi wake, na hali ya sasa ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka ni sehemu ya utetezi huo. Lakini makala haya yanahusu miili ya watu, na kwa upande huo matokeo yalikuwa mabaya. Uwindaji haukukoma. Ulihamia usiku, ukawa wa watu wachache, na ukawa wa haraka. Mwenye upinde hakuweza tena kusubiri mchana kutwa karibu na mnyama aliyejeruhiwa, kwa sababu askari wa hifadhi wangeweza kufika wakati wowote. Subira, iliyokuwa kinga yake, ikawa hatari nyingine.

Hapo ndipo tanzi la waya liliposhika nafasi. Waya ni rahisi kupatikana, hautoi sauti, na mwenye kuutega hahitaji kuwapo mnyama anaponaswa. Ni silaha isiyo na mshikaji. Watu huweza kudhani kwamba silaha ya namna hiyo humweka mtu mbali na hatari, kumbe mwindaji lazima arudi kukagua mitego yake, mara nyingi gizani au alfajiri. Tanzi halichagui. Lililotegewa nyumbu linaweza kuwa limemshika nyati mguuni kwa saa nyingi, au simba aliyekuja kula kilichonaswa. Anayekwenda kukagua akiwa na mkuki na panga anamkuta mnyama mwenye maumivu, asiyeweza kukimbia, na pengine mwenye nguvu ya kuukata waya katika rukio la mwisho. Ikiwa ameshaukata, yupo kichakani karibu na hapo, na atakayekutana naye huenda ni mchunga mbuzi au mama aliyekwenda kutafuta kuni.

Eli Knapp, aliyechunguza faida na hatari za ujangili magharibi mwa Serengeti (2012), alizihesabu hatari za kuumizwa na wanyama pamoja na za kukamatwa na kutozwa faini, na bado aliona kwamba kwa watu wenye njia chache za kipato uwindaji haramu unalipa. Loibooki na wenzake walikuwa wameonesha muongo mmoja kabla kwamba wenye mifugo hushiriki kidogo zaidi kuliko wasio nayo. Kwa maneno mengine, anayekwenda kumkabili nyati aliyenaswa kwa waya ni yule asiye na ng'ombe wa kuuza. Nyama iliyokaushwa, ambayo huku huitwa kimoro, hufika mezani kwa watu wengi wasiowahi kuiona hatari yenyewe.

Askari wa hifadhi nao walikuwa katika mkutano huohuo kutoka upande wa pili. Myles Turner, aliyekuwa mhifadhi Serengeti kuanzia 1956 hadi 1972, ameacha kumbukumbu za doria dhidi ya wawindaji wenye mishale ya sumu. Askari alibeba bunduki akimwogopa mtu na mnyama kwa pamoja. Mwindaji alibeba mshale akiogopa vivyo hivyo. Palipokuwa na hofu mbili katika kichaka kimoja, silaha ya kila upande iliongeza uwezekano wa mwingine kuitumia yake mapema.

Bunduki za baada ya Kagera

Historia ya Tarime ina sura yake ya pekee. Wakuria walijiunga kwa wingi na jeshi tangu enzi za wakoloni, na Michael Fleisher (2000) ameeleza jinsi baadhi ya silaha za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilivyofika Tarime na kutumika katika wizi wa mifugo. Sungusungu na iritongo, mikutano ya kijadi ya usalama, viliimarika katika miaka ya 1980 kupambana na hali hiyo. Wizi wa ng'ombe hauhusiani moja kwa moja na makala haya, ila kwa jambo moja: kwa mara ya kwanza bunduki za kivita zilikuwa mikononi mwa raia katika eneo linalogusana na hifadhi.

Wakati huohuo, kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania mwaka 1977 kulikuwa kumekausha mapato ya utalii, na doria zikalegea. Magenge ya pembe yakaingia. Faru wa Serengeti karibu watoweke, nyati wa upande wa kaskazini walipungua vibaya, na kufikia mwaka 1986 tembo katika hifadhi walikuwa takriban 500 tu. Operesheni Uhai ya 1989 na 1990, pamoja na katazo la kimataifa la biashara ya pembe la mwaka 1989, ndivyo vilivyogeuza mkondo. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta tembo zaidi ya 7,500 katika ikolojia nzima ya Serengeti na Mara.

Idadi hiyo husomwa kama habari njema, na ni njema. Lakini baadhi ya majike wazee wanaoongoza makundi ya sasa walizaliwa kabla au katikati ya mauaji yale. Utafiti wa Karen McComb na wenzake, uliofanyika Amboseli nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, ulionesha kwamba tembo hutofautisha sauti za wanadamu: walijihami zaidi waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao hugombana nao kwa mikuki, kuliko walipowasikia Wakamba, wanawake au wavulana. Utafiti huo haukufanyika Mara, na haifai kuuhamisha bila tahadhari. Hata hivyo unatoa sababu ya kuamini kwamba tembo anayemwona mtu shambani hamwoni mtu huyo peke yake. Mkulima wa Gibaso au Kegonga, ambaye hajawahi kushika bunduki, anaweza kulipa deni la risasi zilizofyatuliwa na mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa.

Shambani usiku

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya 2009 iliyochukua nafasi yake, zinakubali kwamba mtu anaweza kumuua mnyama kuokoa maisha. Mwili wa mnyama huyo hubaki mali ya serikali, na tukio linapaswa kutolewa taarifa. Kanuni za mwaka 2011 zikaongeza malipo ambayo wananchi huyajua kwa majina mawili: kifuta machozi kwa kifo au majeraha, na kifuta jasho kwa mazao. Kifo kiliwekewa shilingi 1,000,000. Fedha hizo hazikukusudiwa kwa familia ya mtu aliyeuawa akiwa hifadhini kinyume cha sheria. Hivyo, mjane wa mlinzi wa shamba na mjane wa mkaguzi wa matanzi, wanaoweza kuwa majirani, waume zao wakiwa wameuawa na nyati mmoja, wanatenganishwa na swali la marehemu alikuwa wapi na alikuwa ameshika nini.

Mkulima anayelinda mahindi anajua kwamba mkuki ni wa bure mbele ya tembo, na kwamba mshale unaweza kumgeuza mnyama mwenye njaa akawa mnyama mwenye hasira. Mbinu zilizoenea katika vijiji vinavyopakana na hifadhi mbalimbali nchini zinafuata njia nyingine: tochi zenye mwanga mkali, madebe na honi, na pilipili. Pilipili husagwa na kuchanganywa na oili chafu, kisha hupakwa kwenye kamba zilizozungushiwa shamba, au huchanganywa na kinyesi na kuchomwa ili moshi uelekee wanyama wanakotokea. Inapendeza kuona kwamba Alaska nako walifika mahali hapohapo. Smith na Herrero walipochunguza mwaka 2008 matumizi ya chupa za pilipili ya kupuliza, waliona kwamba ziliwazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Pilipili haiui, haijeruhi, na haimwachi nyuma mnyama wa kulipiza kisasi kwa mpita njia wa kesho.

Kamba ya pilipili lakini hudai kazi. Mvua huisafisha, oili na pilipili vinagharimu fedha, na kamba lazima ipakwe upya mara kwa mara katika msimu uleule ambao mikono yote inahitajika kwenye palizi na mavuno. Tochi inahitaji betri. Mlinzi anahitaji usingizi, na mwanafunzi aliyelala kwenye dungu kumsaidia baba yake anahitaji kuwa darasani asubuhi. Hizo ndizo gharama za kuikabili hatari bila kuihamishia kwa mwingine, na kwa sasa sehemu kubwa inalipwa na kaya zenyewe.